Kiwingu Kando ya Saa

Mchoro ulipopotea mara ya kwanza, Fundi alijilaumu mwenyewe. Ulipopotea mara ya pili, alimlaumu mumewe. Mara ya tatu hakupata mtu mpya wa kulaumu, basi akamrudia mumewe, safari hii kwa sauti ya juu.

"Nakuuliza kwa wema," alisema, amesimama mlangoni na upawa mkononi. "Asubuhi ulipokaa kwenye kompyuta yangu, ulibonyeza nini?"

Mumewe alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, wakiwemo wale waliogonga ukuta yeye akiwa kiti cha pembeni. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, soksi moja imevuliwa na nyingine bado, amechoka kwa siku nzima ya kuwakanyagia watu breki.

"Nilicheza karata," alisema. "Mchezo mmoja. Karata hazifuti kitu."

"Mmoja?"

"Mitatu. Lakini yote nilishindwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi aliuambia ukuta, kama wafanyavyo wake wanaotaka kusikika.

"Haya, mimi nakula michoro," Mwalimu alisema akijiinua. "Na bando langu analikula nani? Naweka jioni, asubuhi limekwisha, na hata mpira sijatazama. Humu ndani kuna mtu anatazama filamu za mapenzi, na mtu huyo si mimi."

Hapo Fundi alikasirika kwelikweli, maana filamu hakuwa na muda nazo. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, nembo ya chuo cha wauguzi. Chuo kilitaka nembo idariziwe kifuani kwenye makoti ya wauguzi wote wapya. Mpaka siku hiyo Fundi alikuwa mtu wa foronya, vitambaa vya meza na majina ya watoto kwenye mataulo. Taasisi ilikuwa haijawahi kubisha hodi kwake, na aliyeingia taasisi moja huitwa na ya pili.

Chumba chao cha mbele kilikuwa nusu sebule, nusu karakana. Mashine ya kudarizi ilikaa kwenye meza ya televisheni, na televisheni ilikaa sakafuni kama mtoto aliyeadhibiwa. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: kwanza Fundi huchora picha kwenye kompyuta, huitazama siku mbili tatu mpaka roho iridhike, ndipo huigeuza kuwa mishono na kuipeleka kwenye mashine kwa flashi. Flashi ilikuwa ya kazi iliyokamilika tu. Mchoro usioiva ulikaa kwenye uso wa kompyuta, mahali anapouona kila akiifungua, na hapo ndipo ulipokuwa ukitoweka. Jioni upo, alfajiri upo, akirudi sokoni haupo. Kapu la taka la kompyuta nalo tupu. Tangu kompyuta hiyo iingie nyumbani, vichoro vidogo vidogo vilikuwa vikikosekana, naye akidhani amesahau kuvihifadhi. Safari hii hakusahau. Kwa ushauri wa Mwalimu alikuwa amehifadhi nakala mbili, zote mbili palepale, nazo zikaondoka pamoja kama maharusi.

Akachora upya, mara ya nne sasa. Alichora akinuna, na mtu akinuna mstari wake hunyooka.

 

Metroni wa chuo alikuja mwenyewe kuuona mchoro. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye saa iliyobanwa kifuani, na aliketi kwenye ncha ya kiti kama mtu asiyetaka kiti kimzoee. Fundi alikuwa amefagia, amefunika televisheni kwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote, na asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kununua soda, aliutazama mchoro kwa macho yake mawili akauona upo.

"Haya, tuione taa yetu," Metroni alisema. Nembo ya chuo ilikuwa taa inayowaka, jina la chuo likiizunguka.

Fundi akafungua kompyuta. Kioo kilikuwa na ile picha ya milima iliyokuja na kompyuta yenyewe, na mchezo wa karata, basi. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba. Alifungua kila folda aliyoijua, pamoja na moja yenye picha za Mwalimu akiwa kifua wazi, ambayo aliifunga upesi, ingawa si upesi wa kutosha.

"Kompyuta inasumbua kidogo," alisema.

"Naona," alisema Metroni, akiitazama dari kwa heshima.

"Asubuhi ulikuwepo, Metroni. Nimeuona mwenyewe."

"Sina shaka, mama. Ila unajua, kuna yule wa barabara kuu. Ana mashine ya vichwa sita, inadarizi makoti sita kwa mpigo, na risiti zake zinachapwa. Wenzangu walitaka twende huko moja kwa moja. Mimi ndiye niliyesema tuwape nafasi na watu wa mtaani." Metroni alisimama, akakung'uta sketi ambayo haikuwa na kitu. "Ijumaa asubuhi nikipata sampuli iliyodariziwa, kazi ni yako. Nisipoipata, usinichukie."

Soda aliikataa. Maneno yote ya Metroni Fundi aliweza kuyameza, lakini ile soda ilimkaa kooni mpaka jioni, kwa sababu mgeni anayekataa soda ni mgeni aliyekwisha kuamua.

Alimwita fundi wa kompyuta wa mtaani. Huyo alisema ni virusi kabla hata hajaifungua, akapendekeza aifute yote. "Nikishaifuta yote, mama, hakuna kitu kitakachopotea tena," alisema, na katika hilo hakuwa mwongo. Fundi alimlipa pesa ya kuangalia, akamsindikiza mpaka nje. Kisha akarudi kuchora taa mara ya tano.

 

Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kumpelekea mama mkwe dawa za miguu. Alikwenda shingo upande.

Mama mkwe aliishi mitaa michache kutoka hapo, katika nyumba safi kupita kiasi. Hakupenda kitu kisicho na kazi kikae machoni pake, na mgeni aliyekaa sana alijikuta anafagiliwa miguuni. Yeye na Fundi waliheshimiana mno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yao. Zamani mama mkwe alidarizi kwa mkono mashuka ya maharusi wa mji mzima, mpaka vidole vilipoanza kutetemeka. Mkamwana akaja na mashine yake. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake neno lolote kuhusu uzi. Fundi aliogopa kuonekana hajui, na mama aliogopa kuonekana anajua sana.

Alimkuta ameketi barazani, miwani puani, tableti mapajani, kidole kimoja kimenyanyuliwa hewani.

"Karibu, mwanangu. Nivumilie kidogo, namalizia kazi yako."

"Kazi yangu, mama?"

"Si hii uliyoniletea jana?"

Fundi akainama. Kwenye kioo cha tableti, zimejipanga vizuri, zilikuwa picha zake. Ua la foronya. Njiwa wawili wa kitambaa cha meza. Jina la mtoto wa jirani. Na taa ya chuo, ile ya tano, ambayo rangi yake ilikuwa bado haijamkauka machoni.

"Njiwa wazuri, nawaacha," mama alisema. "Jina limekaa vizuri. Hili ua..." Alikunja pua. "Rangi ya chungwa sijawahi kuipenda." Kidole kikashuka, kikabonyeza, na ua likaondoka.

"Mama, umefanyaje hapo?"

"Nimeliondoa. Si ndivyo tunavyofanya? Wewe unaleta, mimi nachagua. Nikimaliza chai yangu ya asubuhi nakaa hapa, nzuri naziacha, mbaya nafagia." Akamtazama juu ya miwani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona hapo. "Siku ya kwanza nilishangaa. Nikasema, huyu mtoto ana haya, hawezi kuniuliza kwa mdomo, ameona anipitishie humu. Nilifurahi, nisikufiche. Nikajisemea, basi na mimi nitamjibu humuhumu, bila maneno mengi. Na wewe ni msikivu. Hii taa nimeiondoa mara nne, na kila nikiiondoa unairudia, inakuja afadhali kidogo."

Fundi alitaka kulia, akataka kucheka, na zaidi ya yote alitaka kuichukua ile tableti na kuitupa juu ya paa. Hakufanya hata moja. Alikaa kwenye ngazi, akaomba aione, na kwenye kona ya juu akakuta picha ndogo ya wifi yake anayefanya kazi benki, ametabasamu kama mtu asiye na hatia.

Hapo akaelewa. Wifi alikuwa amejinunulia vitu vipya, akagawa vya zamani: kompyuta kwa kaka yake, tableti kwa mama yake. Vyote viwili vilikuwa bado vinatumia akaunti yake moja, na akaunti hiyo ilikuwa ikivisawazisha kimyakimya mchana na usiku. Kilichowekwa huku kilionekana kule, na kilichofutwa kule kilifutika na huku. Fundi alipapasa mpaka akalipata kapu la taka la akaunti. Taa zake zote zilikuwa humo, zimelala moja juu ya nyingine. Akazirudisha.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Natazama tu, mama."

"Hii ya leo nayo moto wake umelegea." Kidole kikaanza kushuka.

"Iache, mama," Fundi alisema haraka. "Leo iache."

"Sawa," mama akasema, akakiondoa kidole. "Wewe ndiye fundi."

 

Jioni hiyo Mwalimu alishika simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa, na wifi alizungumza kutoka humo.

"Wifi, uliniambia kompyuta ni tupu," Fundi alianza.

"Nilifuta picha zangu zote, wifi. Akaunti sikuikumbuka."

"Basi tangu niipokee nimekuwa nikiishi chumba kimoja na mama mkwe."

Mwalimu alipaliwa na chai. Wifi alisubiri kikohozi kipite, kisha akasema, "Tazama chini kulia, kando ya saa. Kuna kiwingu?"

"Kipo."

"Kina vimishale vinazunguka?"

"Vinazunguka."

"Ndicho hicho."

"Hicho mimi nakiona kila siku," Mwalimu alisema. "Nilidhani ni utabiri wa hali ya hewa."

Wifi akawaelekeza. Kwanza Fundi anakili michoro yake yote kwenye flashi, iliyoiva na isiyoiva, isije ikapotelea njiani. Halafu akibonyeze kiwingu, aingie kwenye mipangilio. Kukifunga tu hakutoshi, alisema, maana kesho kompyuta ikiwashwa nacho kitaamka chenyewe. Aondoe alama pale panaposema kianze pamoja na kompyuta. Mwisho aitenganishe akaunti, na hapo ndipo kitakuwa kimekufa.

"Yaani gari liliegeshwa, injini ikaachwa inanguruma," Mwalimu alisema polepole, akianza kuelewa kwa njia yake, "na mafuta ni bando langu." Akamgeukia mkewe. "Mke wangu, zile filamu za mapenzi. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe kwa kukuita mlaji," Fundi alisema. "Ila michezo mitatu asubuhi ni mingi."

Aliondoa alama. Kikabaki kitufe cha mwisho, cha kutenganisha. Fundi aliweka kidole juu yake, akakaa hivyo.

"Mama ataambiwa nini?"

"Mwambie ukweli," Mwalimu akasema.

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Kompyuta ni yako."

"Wifi, mwambie wewe basi."

Wifi alisema laini inakatikakatika, ingawa ilikuwa safi kama maji ya chupa. Fundi alifikiria Ijumaa, na Metroni, na yule wa barabara kuu mwenye vichwa sita. Akabonyeza. Kiwingu kikatoka kando ya saa, na hakuna aliyemwambia mama chochote.

 

Tuseme mapema ili msomaji asikae roho juu: kazi ya chuo Fundi aliipata, na Metroni siku hiyo soda alikunywa, akaongezewa. Lakini hayo ni ya Ijumaa, na sisi tuko Alhamisi mchana. Mashine ilikuwa imekwisha kudarizi sampuli, Fundi ndio kwanza anaitoa kwenye fremu, na Mwalimu amerudi kula, mama mkwe alipoingia bila hodi.

Alikuwa amekuja kwa miguu, ile miguu inayonywewa dawa, tableti ameifunga kwenye mtandio kama mtoto mgonjwa.

"Chombo kimekufa," alisema, akaiweka mezani. "Leo siku ya pili hakijaniletea kitu. Nimekifungua, nimekifunga, nimekifungua tena. Nimefagia uwanja mara mbili mpaka majirani wanauliza nina msiba gani." Akakaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikawaza labda nimekuudhi, mwanangu. Labda ile rangi ya chungwa ulikuwa unaipenda."

Mwalimu alifungua mdomo. "Mama, siku hizi mtandao..." akaanza, na mlango wa uongo ukawa wazi kabisa, mpana, wa kupita bila kuinama. Fundi alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, akaweka sampuli chini.

"Si mtandao, mama. Nimezima mimi."

"Umezima."

"Hii kompyuta ilikuwa ya wifi, na hicho chombo nacho kilikuwa chake. Vilikuwa bado vinapeana vitu vyenyewe, mimi sijui. Sikuwa nakuletea, mama. Vilikuwa vinakuja tu."

Mama mkwe aliigeuza tableti kifudifudi mezani. Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki, na maji yalisikika yakimwagika.

"Hata siku ya kwanza?"

"Hata siku ya kwanza."

"Na nilivyokuwa naondoa?"

"Vilikuwa vinapotea na kwangu."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiingia nyumbani kwa mtu na ufagio, sijaitwa." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Akaanza kuikunja tableti ndani ya mtandio. "Na kazi ya watu nimeichelewesha. Basi, niwaache mfanye kazi."

Ilimuuma Fundi, tena ikamuuma mahali asipopategemea. Wiki zote hizo alikuwa akichora peke yake pale dirishani, akijiona hana mwenzake katika kazi ile, kumbe kulikuwa na mtu aliyeamka kila asubuhi na hamu ya kuona amechora nini. Na mtu huyo yeye amemzima kwa kubonyeza, bila hata kumwambia.

"Mama, kaa," alisema. "Nataka kukuuliza."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," Mwalimu alichangia kutoka kwenye sahani yake, na wanawake wote wawili wakamtazama mpaka akarudi kwenye chakula.

Fundi aliichukua sampuli, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameshona miaka, ameuza, ametukanwa na wateja na kusifiwa na wateja, na neno dogo kama hili lilikuwa likimshinda.

"Imekaaje?"

Mama mkwe hakuipokea. "Unaniuliza kweli, au unanionea huruma?"

"Nakuuliza kweli. Metroni anaitaka kesho asubuhi, na mimi siioni tena, nimeitazama mno."

Mama akafungua mtandio, akatoa miwani, akaivaa. Aliipeleka nembo dirishani. Hakuitazama mbele kwanza. Aliigeuza akatazama mgongo wake, akapitisha kidole kwenye vifundo, kisha akaigeuza mbele na kuisogeza karibu na pua. Alichukua muda wake wote. Fundi alisimama nyuma yake, mikono imefungamana, na moyoni alijua neno zuri linakuja. Amesema ukweli mgumu, amejishusha, ameuliza. Mtu akifanya hayo yote katika mchana mmoja, kidogo anastahili kusifiwa.

"Mbaya," mama alisema. "Herufi zimebanana. Koti la muuguzi linafuliwa kila siku, mwanangu. Likifuliwa wiki moja tu, jina la chuo litakuwa kamba. Na huu uzi wa njano aliyekuuzia hakupendi. Fumua."

Fundi aliitazama saa ya ukutani, akaitazama kompyuta. Kule angalau kulikuwa na mahali pa kubonyeza. Huyu amemwita mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya shahidi anayekula, na hazimiki. Tena, baya zaidi, alikuwa anasema kweli. Fundi akavuta kiti cha pili dirishani, akachukua mkasi mdogo na kuanza kufumua, huku mama mkwe amemwinamia begani, akimwonyesha pa kuanzia.